Vaa Ndala Ufungue Friji

Umeme ukikatika mtaani kwetu Tabata, utasikia "Aaaah!" moja ndefu ikitoka kila dirisha, hata siku ambayo hakuna mechi. Kabla mshumaa haujapatikana, simu zimeshaanza kupigwa. Huyu anampigia fundi, yule anampigia mjumbe wa shina utadhani ndiye aliyeuficha umeme chini ya kitanda. Jirani yangu Baba Nuru yeye ameshatoka nje na tochi ya simu, anamuuliza kila apitaye, "Kwenu upo?" Mtaa mzima ni giza totoro, hata nyumba ya mwenye jenereta bado haijawaka, lakini Baba Nuru anataka jibu.

Sasa muulize huyohuyo Baba Nuru habari za soketi yake ya sebuleni. Ina mdomo mweusi tangu mtoto wake wa mwisho hajaanza shule. Ukichomeka plagi inatoa cheche na mlio, ukiichomoa ina moto wa andazi lililoopolewa sasa hivi kwenye mafuta. "Ile? Ile tumeizoea," anasema. "Unaisukuma kidogo kwa upande, inashika."

Hapo ndipo ninapochoka na sisi watu. Giza, ambalo halijaunguza nyumba ya mtu, tunaliitia fundi usiku wa manane. Soketi inayoungua taratibu tunaisukuma kwa upande.

Kuna siku ilitokea hitilafu kwenye gridi ya taifa, mikoa mingi ikalala giza. Taarifa zilijaa kwenye simu. Baba Nuru, kwa sababu anazozijua mwenyewe, akamwita fundi kutoka Gongo la Mboto kwa bodaboda. Kijana akafika, akafungua boksi la meni swichi, akagusisha testa, akaitazama kwa muda wa kutosha kuhalalisha nauli, kisha akatoa majibu: "Mzee wangu, moto hauingii." Elfu kumi na tano. Siku nyingine akaitwa tena, safari hii mtaa mzima unawaka isipokuwa kwa Baba Nuru. Uniti zilikuwa zimeisha. Elfu kumi na tano nyingine, na kijana akaaga kwa adabu kabisa: "Ukipata shida tena bosi, mimi nipo." Na kwa nini asiwepo?

Sidai kila mtu akasome VETA ndipo awashe taa. Lakini kabla hujamtoa mtu kitandani kwake, chungulia kwa jirani, bonyeza rimoti ya LUKU uone kama uniti zipo, halafu kaangalie kwenye boksi kama kuna saketi breka iliyoshuka. Kazi hiyo haihitaji hata kuvaa shati. Na ukigundua tatizo liko kwenye nguzo, kwenye waya unaoingia nyumbani au kwenye mita yenyewe, basi usimsumbue fundi wa mtaani hata awe hodari vipi. Huko ni kwa TANESCO, namba 180. Fundi wako anaanzia baada ya mita. Anayekuambia kwamba mita "anaijua ndani nje" na kwamba ataongea na jamaa yake, huyo ni kishoka, na kishoka akishaondoka na hela yako, atakayejieleza mbele ya wakaguzi ni wewe mwenye jina kwenye mita.

Tuje kwenye friji.

Mtaani kwetu friji halina hitilafu. Friji "linatekenya." Nilialikwa futari kwa watu, nikaambiwa nijisikie nyumbani, nikainuka kuchukua maji ya baridi. Mwenyeji akanisukumia kandambili za bluu kwa mguu. "Vaa ndala kwanza, shemeji, hilo friji lina utani." Nikaja kugundua kwamba ndala hizo zina makao maalumu mbele ya friji. Haziendi chooni, haziendi uani, ni vifaa vya kazi. Kitoto cha miaka minne kilikuja, kikazivaa zikiwa zimekizidi mara mbili, kikafungua mlango, kikatoa juisi, kikafunga, kikazivua na kuzipanga zikitazama ukutani. Malezi bora kabisa. Lakini katika ukoo mzima uliokuwa umekaa mkekani pale, hakuna aliyejiuliza kwa nini chombo cha kupoza nyanya kimpige mtu.

Kinapiga kwa sababu umeme unavuja mahali ndani yake, kwenye waya uliochubuka au kompresa iliyochoka, na njia ya athi ambayo ingeupeleka umeme huo ardhini haipo. Basi unabaki kwenye bati la friji ukingoja mtu wa kupita naye. Ndala zinamkinga aliyezivaa, tena zikiwa kavu. Siku dada wa kazi akideki sakafu halafu akashika mlango kwa mkono wenye maji, akiwa peku, neno "kutekenya" halitatosha.

Na njia tuliyopitia hadi kufika huko inajulikana. Friji la mtumba limetoka Ulaya na plagi yake ya duara yenye pini mbili. Soketi zetu zina matundu matatu, na yale mawili ya chini hayafunguki mpaka kitu kiingie kwenye lile la juu. Basi tunachukua kalamu, tunaichomeka juu, vifuniko vinafunguka, pini mbili zinazama, tunapeana mikono. Athi ya ile plagi ilikuwa kwenye vibati vya ubavuni, na vibati hivyo sasa havigusi chochote. Watoto wanakwenda kwenye mtihani bila kalamu, soketi zinazo.

Friji likikupiga, bomba likikupiga, ukuta wa bafuni ukikupiga, hiyo ndiyo dharura, hata kama taa zote zinawaka vizuri na tamthilia inaendelea. Zima umeme kwenye boksi, usirudi kugusa "kuhakikisha," halafu ndipo umtafute fundi. Na mtu akiwa amenaswa, usimshike. Mbio kwenye meni swichi kwanza. Mapenzi utayaonyesha baadaye.

Dharura nyingine huja kwa pua. Plastiki ya soketi au swichi ikianza kupata joto kali hutoa harufu inayokaribiana sana na ya samaki. Hebu fikiria balaa la jambo hilo katika jiji la pwani. Saa mbili usiku, Tabata nzima ina samaki kwenye mafuta. Siku harufu hiyo ilipotufikia, kwetu tulikuwa na mchicha, dagaa hatukuwa nao. Mke wangu, Mama Asha, akasema harufu inatoka kwa jirani. Nikanusa dirishani, sikuipata. Nikanusa ukumbini, nikaipata. Basi familia nzima ikaanza kunusa kuta, watu wazima wenye heshima zao, pua kwenye swichi, mpaka binti yetu akainama nyuma ya kabati la televisheni akasema, "Baba, samaki yupo huku."

Ilikuwa ni ekstensheni, ya matundu sita, yenye taa nyekundu ya majivuno. Juu yake kulikuwa na pasi ya wati 1,200, chaja tatu, na jagi la umeme la wati 2,200 la shemeji yangu, dada yake Mama Asha, aliyekuja kututembelea kutoka Njombe. Kwao Njombe asubuhi ukipumua unatoa moshi, kwa hiyo amekulia kuoga maji ya kuchemsha, na hakuona sababu ya kubadili tabia kwa kuwa tu amefika kwenye jiji ambalo watu wanatoka jasho wakiwa wamekaa. Alikuwa anachemsha jagi baada ya jagi, anajaza ndoo. Sasa plagi hizi zetu za pini tatu zina fyuzi ya ampea 13 isiyozidi, ambayo kwa umeme wa volti 230 ni kama wati 3,000 hivi. Jagi na pasi peke yake ni wati 3,400. Matundu sita maana yake ni matundu sita tu, si ruhusa. Na fyuzi yenyewe ilipochomolewa ilikutwa imevishwa karatasi ya pakiti ya sigara, katika nyumba ambayo hakuna mvutaji. Mpaka leo hakuna aliyejitokeza.

Kuna dharura nyingine inayokuja kwa sura nzuri. Taa zinang'aa kuliko kawaida, feni inakimbia, watoto wanashangilia kwamba leo umeme umekolea, huku taa za chumba cha pili au za jirani zikififia. Usishangilie. Mara nyingi hapo nyutro imelegea au imekatika, na nyumba iliyotakiwa kupata volti 230 inaweza kupata zaidi ya 300. Televisheni itatoa mlio mmoja, friji litafuata, na hakuna atakayekulipa. Shusha meni swichi kwanza, maswali baadaye.

Halafu yupo saketi breka. Huyu ndiye mwenye akili kuliko wote ndani ya nyumba, na ndiye anayetukanwa kuliko wote. Akishuka anapandishwa. Akishuka tena anapandishwa kwa hasira. Akishuka mara ya tatu, mwenye nyumba anamshikilia kwa kipande cha mti. Yeye kazi yake ni moja, kusema kwamba waya ulioko ukutani umebebeshwa mzigo usiouweza au kuna shoti mahali. Amesema, hasikilizwi, na kesi inapelekwa kwa fundi.

Kwenye simu yangu nina Fundi Umeme, Fundi Umeme Mpya, Fundi Umeme Muongo na Fundi Umeme Mzuri. Mzuri kahamia Dodoma. Usiku wa ile ekstensheni breka ya soketi ilishuka ikakataa kupanda, na Mama Asha, kinyume na ushauri wangu, akampigia Muongo. "Nipo njiani mama, nimeshafika Buguruni." Nyuma ya sauti yake tulisikia jogoo akiwika na mtoto akiogeshwa kwa nguvu. Buguruni ninayoijua mimi ina honi. Alifika kesho yake saa nne asubuhi, ana testa mfuko wa shati na tepu nyeusi kidoleni, basi. Huyu mtu amekuja kwenye ajali bila hata plaizi.

Akafungua boksi. Akanyamaza. Akatikisa kichwa kwa huzuni ya msibani. "Mzee wangu, hii nani alifunga?"

Wote huuliza hivyo. Sijapata kuona fundi wa umeme aliyefungua kazi ya mwenzake akasema, "Mashallah." Baada ya kumaliza kumsikitikia asiyekuwepo, akatoa tiba: breka iliyopo ni ya ampea 20, ndogo, ndiyo maana inasumbua. Tuweke ya 32, haitashuka tena.

Nikamuuliza waya uliomo ukutani ni wa ukubwa gani.

"Wa kawaida tu, mzee."

Wa kawaida ndio huo wa milimita 2.5, ambao ukiwa umezikwa ndani ya paipu ukutani, breka ya 20 ndiyo saizi yake. Ukiuwekea ya 32, ni kweli haitashuka. Itakaa imetulia juu huku waya ukiiva ndani ya ukuta, na atakayetoa taarifa safari hii ni moshi. Nikamweleza hivyo kwa upole. Akacheka, akaingiza kidole kwenye boksi huku meni swichi imewashwa, akaniambia nisiwe na wasiwasi, yeye damu yake ni nzito, umeme haumpati. Nilimpa nauli yake akarudi na damu yake. Sina nafasi ya msiba uani kwangu.

Basi niseme ninavyofanya mimi, anayetaka afuate, asiyetaka akamwite Muongo. Kwanza, usiku sifanyi biashara ya umeme. Harufu ikitoka, soketi ikiungua, breka ikigoma, nazima boksi zima, nachomoa vitu, tunalala na joto letu. Umeme uliozimwa hauunguzi, na karibu kila dharura ya ndani inakuwa kazi ya asubuhi ukishashusha ile swichi moja. Moto ukishashika ni habari nyingine, hapo ni 114, Zimamoto, na watoto nje, na mtu yeyote asimwage ndoo ya maji kwenye kitu chenye umeme. Maji yakiingia ndani wakati wa masika nayo ni hivyohivyo: swichi inashushwa kwa mkono mkavu kabla hayajafika kwenye soketi. Yakishafika, usiyakanyage kuifuata, waite TANESCO wakate huko nje. Lakini fundi wa saa tano usiku anakulangua bei mara mbili, anafanya kazi kwa tochi ya simu yako, na duka la vifaa limefungwa, kwa hiyo ataunga kwa tepu na kukuahidi kurudi. Tepu hiyo itasherehekea miaka.

Pili, leseni. Mafundi wa kufunga umeme hupewa leseni na EWURA, nayo ina madaraja, maana si kila mwenye leseni anaruhusiwa kila kazi. Kuomba kuiona si matusi. Wapo watakaokwambia wameiacha nyumbani, wengine kwa kaka yao. Mwenye nayo huitoa kabla hujamaliza sentensi, tena anafurahi, kwa sababu ni wachache wanaomwuliza. Tatu, bei isemwe kabla bisibisi haijatoka kwenye begi: hela ya kuangalia kiasi gani, ya ufundi kiasi gani, vifaa orodha. Vifaa nenda dukani mwenyewe na udai risiti. Waya upime kwa macho yako, uone alama ya TBS na ukubwa ulioandikwa kwenye ganda, kwani siku hizi upo waya mwekundu ndani kwa rangi tu, ukiukwaruza unakuta alumini iliyojipaka shaba.

Fundi aliyekuja kwetu baada ya Muongo alipatikana hivyo, kwa kuuliza watu mchana, tukiwa na akili zetu. Ni dada wa makamo, ana begi la vifaa, viatu vya raba nene na mita ya kupimia. Baba Nuru, ambaye hakuna gari au begi linaloingia kwangu asilione, akasimama getini. "Fundi mwenyewe anakuja saa ngapi?" Dada akamwamkia, akapita. Akafungua boksi, nikajiandaa kwa yale maswali ya msibani. Hakuuliza nani alifunga. Alishusha meni swichi, akapima kuhakikisha hakuna moto, akabandika tepu juu ya swichi ili mtu asiiwashe, ndipo akagusa waya. Soketi nyuma ya televisheni ilikuwa imelegea skrubu, waya umekaangika mpaka ganda limekuwa jivu. Akakata mpaka penye uzima, akaweka soketi mpya.

Kisha akatoka nje kuitafuta athi. Waya wa athi unashuka ukutani vizuri kabisa, wa kijani na njano, unafika chini karibu na karo, halafu unaishia hewani. Nondo ya shaba iliyokuwa ardhini ilishang'olewa siku nyingi na kwenda kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Tulikuwa tunamwagilia mchicha pembeni ya shimo lake. Akapigilia nyingine, akaifunika kwa kijisimenti, akapima, akaridhika. Akaweka na ile RCD, kifaa kinachokata umeme kikihisi unavuja hata miliampea 30, akamwonyesha binti yetu kitufe cha kujaribia na kumwambia akibonyeze mara kwa mara. Binti anakibonyeza mara kwa mara kweli, hasa ninapoangalia taarifa ya habari.

Baba Nuru alikuwa bado yupo. Akauliza kwa sauti ya mtu anayeulizia habari za rafiki yake: "Na kwa mfano, mtu akiwa na soketi ambayo ukiisukuma kwa upande inashika?" Dada akamjibu kwamba huyo mtu aizime leo. Baba Nuru akasema atamfikishia ujumbe.

Shemeji naye aliona nafasi ndiyo hii. Kwa kuwa jagi limekatazwa, akashauri tufungiwe hita ya kuogea, ile ya kwenye kichwa cha bomba la mvua, "kitu kidogo tu." Nchi hii sasa ina Bwawa la Nyerere kule Rufiji lenye uwezo wa megawati 2,115, akasema, kweli tunyimane maji ya moto? Fundi akachukua karatasi. Hita yenyewe wati 5,500, ambayo ni karibu ampea 24. Haiwezi kuungwa kwenye waya wa soketi wala wa taa. Inataka waya wake wa milimita 6 kutoka kwenye boksi hadi bafuni bila kuungwaungwa, breka yake ya 32, swichi yake ya nje ya bafu, athi yake. Akapanga bei ya kila kitu kwa mstari, akajumlisha, akaongeza ufundi, akampa shemeji asome, maana nilishasema mimi sitii neno.

Shemeji akasoma juu mpaka chini. Akarudi juu. Akamtazama dada yake, akanitazama mimi, akaikunja ile karatasi mara nne.

"Hivi shemeji," akasema, "Dar kuna baridi gani ya kumfanya mtu aoge maji ya moto?"

Alfajiri yake tulimsikia bafuni na ndoo ya maji ya bomba. Kopo moja, yowe moja. Kwenye kopo la tano Baba Nuru akagonga geti kuuliza kama kuna mtu amepigwa shoti.